Umri na Asili ya Baiskeli Kongwe za Kiingereza: Ushahidi wa Nembo, Kitovu na Hesi

Nembo iliyopigiliwa chini ya usukani ndiyo hutazamwa kwanza, nayo hupotosha. Jina la Hercules lilianzia Birmingham mwaka 1910. Hata hivyo, baada ya Tube Investments, kampuni iliyoimiliki Hercules, kuunganisha biashara zake za baiskeli na Raleigh mwaka 1960, baiskeli zenye jina hilo zilitengenezwa Nottingham. Mhifadhi wa makumbusho anayeandika “Birmingham” kwa kuitazama nembo tu aweza kuupa mji mmoja kazi ya mafundi wa mji mwingine.

Shahidi mwenye neno zaidi yumo katika gurudumu la nyuma. Kampuni ya Sturmey-Archer, iliyokuwa chini ya Raleigh, iligonga tarehe juu ya vitovu vyake vya gia tatu: alama “AW 52 3” humaanisha Machi 1952. Lakini tarehe hiyo ni ya kitovu, si ya fremu, na baiskeli ya kazi hubadilishwa magurudumu mara nyingi kuliko mwenyewe anavyokumbuka.

Hapo budi kurejea kwenye fremu yenyewe. Katika tundu lipokealo ekseli ya pedali, Raleigh walichonga hesi 26 kwa kila inchi, ilhali kipimo cha kawaida cha Uingereza kilikuwa 24. Fremu ya Hercules yenye hesi 26 huelekeza Nottingham, hata kama kitovu chake kimegongwa 1952.