Rekodi ya saa moja: historia ya watu waliopima hewa



Wakati wa TFC yangu ya takwimu, niliacha somo nililolipenda juu hatukuwa na laboratware. Nikaandika juu ya kitu kingine, nikapata alama, basi. Historia hii ya kinga njo imenifanya nijute.

Mu mbio za velodromu kuna jaribio moja rahisi kueleza: mtu mmoja, saa moja, kilometa ngapi? Mu 1972 Eddy Merckx, Mbelgiji, alifanya 49.431 kule Mexico. Kule ni juu sana, hewa ni nyepesi. Ni kusema hata yeye, pamoja na miguu ile, alijua adui ni hewa. Na hesabu yake haina huruma: ukitaka kuongeza spidi kwa 10%, hewa inakudai nguvu karibu 33% zaidi.

Julai 1993, Graeme Obree wa Scotland alikuja na kinga aliyojitengenezea mwenyewe, ndani yake mna vipuri vya mashine ya kufulia nguo. Alikunja mikono chini ya kifua ili hewa ipite. Kule Hamar, Norwe, jaribio la kwanza lilishindwa. Kesho yake asubuhi akarudi, akapata 51.596. Siku 6 tu baadaye Chris Boardman, akisaidiwa na mwanasayansi Peter Keen, akafika 52.270 kule Bordeaux. Mmoja alikisia kwa mwili wake, mwingine alipima. Wote wawili walikuwa wanatafuta kitu kimoja.

Halafu akaja Dan Bigham, Mwingereza, injenieri aliyesomea magari ya mashindano. Yeye na marafiki walijipanga mu timu ndogo mjini Derby, na mu 2017 wakachukua ubingwa wa nchi yao mu mbio za watu wanne. Namna gani? Kipimo kwenye kinga kinasema nguvu ya miguu. Saa inasema spidi. Joto na shinikizo vinasema uzito wa hewa. Ukiweka vyote pamoja, ordinatere inakupa namba moja: mwili wako unazuia hewa kiasi gani. Badilisha kofia, zunguka tena, linganisha. Kujifunza kwa mashine ni njia hiyohiyo ikipanuliwa: programu inapewa mizunguko mingi, inatafuta uhusiano, inakisia mzunguko unaofuata, inasahihishwa.

Tarehe 19 Agosti 2022, kule Grenchen, Uswisi, Bigham alifanya 55.548 na kuvunja rekodi ya dunia. Tarehe 8 Oktoba, mu velodromu ileile, Filippo Ganna wa Italia, mwenye nguvu nyingi kumupita, alifika 56.792. Bigham alikuwa injenieri wa timu yake Ganna. Kwa hiyo tusidanganyane: data haikuondoa miguu. Ilionyesha miguu inapoteza wapi.

Kinachoniuma ni hiki: velodromu yenyewe njo ilikuwa laboratware yao. Hawakungoja nyingine. Mimi nilingoja.

Mwezi huu nimeanza daftari: kila siku naandika saa umeme unafika mu avenue yetu na saa unakatika. Siku 23 sasa. Nani mwingine anapima kitu kwake? Tuandikiane, tulinganishe.