Mafundi wa Feri: Kamera Ilivyofunzwa Nje ya Kisiwa

Warsha za kupiga picha za maumbile zinapotangazwa Mombasa siku hizi, hutangazwa kama jambo geni lililokuja na watalii: mwalimu mmoja, kundi dogo la wanafunzi, kamera shingoni, na asubuhi nzima ufukweni badala ya darasani. Historia ya ng'ambo, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, inasema vingine. Kisiwani ndiko picha ilikokuwa kazi ya ndani. Studio za huko, kama ile ya N. V. Parekh iliyojipatia jina kubwa miaka ya 1950 na 1960, zilikuwa na taa, pazia na mlango wa kufunga, na aliyetaka kujua kazi ilimbidi kwanza akubaliwe ndani. Ng'ambo hapakuwa na mlango. Mtu alijifunza kamera juani, kando ya fundi, wateja wakimtazama, na nashikilia kwamba warsha ya leo ni mrithi wa mafunzo hayo hata kama wanaoiendesha hawajui.

Ushahidi mkubwa uko kwenye kivuko cha Likoni. Miaka ya 1980 na 1990 wapigapicha walijipanga na vibanda vyao karibu na feri, wengi wao wakiwa vijana kutoka bara waliokuja pwani kutafuta riziki. Mwanaanthropolojia Mjerumani, Heike Behrend, aliwafanyia utafiti na kuandika juu yao. Nyuma ya mteja walitundika pazia lililochorwa meli, ndege au majumba ya mji, wakalipamba kwa maua ya plastiki na karatasi za kumetameta. Kazi waliipata kwa ndugu au rafiki aliyetangulia, si chuoni. Na kazi yenyewe haikusamehe. Filamu ya kawaida ilikuwa na picha 36, kila moja pesa, na matokeo hayakuonekana mpaka filamu isafishwe. Kwa hiyo mwanagenzi alilazimika kulisoma jua kabla ya kubonyeza. Kanuni ya filamu ya 100 inajulikana kwa kila fundi wa zama hizo: jua likiwa wazi, tundu la lenzi liwe 16 na kasi iwe 1/125, likiingia wingu, fungua tundu hadi 11 au 8. Saa sita mchana jua la pwani linapopiga utosini, macho ya mteja huzama kwenye kivuli cha paji la uso, na hapo fundi alitakiwa kujua amsogeze wapi. Mambo haya hayashiki kwa kusomewa.

Atakayepinga atasema: hao walipiga picha za watu, tena mbele ya mandhari ya kuchorwa. Ni kweli, na kuna kichekesho ndani yake: mteja alisimama hatua chache kutoka bahari yenyewe akapigwa picha mbele ya meli iliyochorwa. Sidai kwamba jicho lao lilitafuta ndege au mikoko. Nadai kwamba mkono ni ule ule. Anayetaka kumpiga picha korongo mweupe kwenye tope jeusi la mikoko ya Mikindani, maji yakiwa yametoka, anakabili tatizo lile lile la fundi wa feri aliyepiga kanzu nyeupe na uso mweusi katika fremu moja: ukiokoa kimoja unapoteza kingine, na kupima kati ya viwili hivyo hufundishwa papo hapo, nuru ikiwa mbele yenu. Simu nayo haijaondoa haja hiyo. Imekuondolea gharama ya kukosea, ndiyo maana wengi hukosea kila siku bila kujua wamekosea wapi.

Upande wa Kisauni uliongeza kitu ambacho Likoni haikuwa nacho, yaani maumbile yaliyorudishwa kwa mkono. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilikuwa kimeacha machimbo makavu ya mawe ya matumbawe, na tangu 1971 René Haller akaanza kuyapanda miti. Mingi ilikufa. Mvinje ulivumilia chumvi na joto, majongoo yakala majani yake makavu na kuyageuza udongo, na mwaka 1984 umma ukaanza kuingia kutembea humo. Mwishoni mwa 2004 akaletwa kiboko mdogo, Owen, aliyetenganishwa na wenzake karibu na Malindi wakati wa tsunami, akajibanza kwa kobe mkongwe aitwaye Mzee. Picha za Peter Greste, mwanahabari wa Australia, zikaieneza habari hiyo dunia nzima. Wengine wataona hapo ushahidi kwamba picha za maumbile ni kazi ya wageni. Mimi naona pengo la nafasi: waliowalisha wanyama hao kila siku walijua nyendo zao kuliko mpigapicha yeyote, ila kamera haikuwa mikononi mwao.

Tusiupambe uanagenzi wa zamani, lakini. Ulipita kwa undugu, na asiye na ndugu kwenye kibanda alibaki kutazama. Undugu huo wa watu wa bara ndio pia ulioifanya kazi iwe dhaifu siasa zilipochafuka: Agosti 1997 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, vibanda vikachomwa, na watu wa bara wakakimbia kwa maelfu. Hapo warsha ya wazi, inayopokea yeyote bila kuuliza ukoo, inaushinda uanagenzi, mradi ada yake isigeuke mlango mwingine wa kufungwa. Basi anayepanga mafunzo hayo Mtongwe, Mikindani au Bamburi na awatafute kwanza mafundi wa feri ambao bado wapo, awalipe kama walimu, ndipo aagize mtaalamu kutoka mbali.