Hesabu wazi ndizo hulinda jina la shule ya harambee

Shule nyingi za upili nchini Kenya zilianzishwa na wanakijiji wenyewe. Baada ya uhuru mnamo 1963, Rais Jomo Kenyatta alipohimiza moyo wa Harambee, wananchi walichanga fedha, mawe, mahindi na hata siku za kazi ili watoto waliokosa nafasi katika shule za serikali wapate pa kusomea. Mapema zaidi, mnamo 1939, chuo cha walimu cha Githunguri kilifunguliwa kwa nguvu za wananchi, kabla ya serikali ya kikoloni kukifunga mnamo 1952.

Shule ya namna hii husimama kwa imani. Mjane aliyeuza kuku ili achangie darasa hawezi kukagua vitabu vya benki, lakini huliona darasa lisilo na paa kila apitapo njiani. Siku atakaposhuku kwamba mchango wake umeliwa, hatarudi tena, na jirani zake watajua ni kwa nini.

Hapo ndipo kamati nyingi hukosea, wala si lazima pawe na mwizi. Kamati hujumlisha ahadi na fedha taslimu, ikatangaza jumla kubwa mbele ya mgeni wa heshima, kisha ikampa fundi kazi. Ahadi zisipolipwa, ukuta hukwama kwenye lenta na uvumi huanza. Dawa yake ni kutangaza mafungu mawili, zilizopokewa na zilizoahidiwa, na kujenga kwa zilizopokewa tu. Mbuzi aliyepigwa mnada aandikwe pamoja na bei na jina la mnunuzi. Aliyeleta lori la mchanga naye apewe stakabadhi, maana mchango wa mali husahaulika upesi kuliko wa fedha.

Kwa shule za umma, sheria haikuacha jambo hili kwa hiari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kukusanya ada yoyote bila kutoa risiti rasmi, na inasema mtoto asifukuzwe kwa sababu ya ada hizo. Sheria hiyo pia inaweka usimamizi mikononi mwa bodi, ambayo mwalimu mkuu ni katibu wake. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayebeba kitabu cha hundi mfukoni kana kwamba shule ni duka lake anajitafutia lawama, hata akiwa mwaminifu.

Mpango wa elimu ya msingi bila malipo ulipoanza mnamo 2003, serikali ilituma Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Fedha hizo ziligawanywa katika akaunti mbili: Sh650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, katika akaunti iliyoitwa SIMBA, na Sh370 za matumizi mengine. Utaratibu huo ulikuwa na busara, kwani fedha za vitabu hazikuweza kupotelea katika ukarabati wa vyoo. Hata hivyo, ubadhirifu ulipofichuliwa katika Wizara ya Elimu mnamo 2009, Uingereza ilisitisha msaada wake, na Marekani ikafuata mapema 2010. Walioumia ni wanafunzi, ambao hawakugusa hata senti moja.

Uvumi ukizuka, kunyamaza huuzidisha. Bodi na iite wazazi, isomewe taarifa ya benki, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Hatimiliki ya ardhi nayo itafutwe mapema, kwani shule iliyojengwa kwenye shamba la mfadhili inaweza kudaiwa na warithi wake.

Uhamisho wa mwalimu mkuu ni wakati wa hatari zaidi. Kabla hajaondoka, salio la benki, madeni ya wauzaji mahindi na maharagwe, stakabadhi ambazo hazijatumika na mali iliyo ghalani vikabidhiwe kwa maandishi mbele ya bodi, na pande zote mbili zitie sahihi.