Sanaa Iliyoanzia Barazani

Juma lililopita binti yangu alirudi nyumbani kwa likizo fupi. Yuko chuoni, mwaka wa pili, anasomea uhasibu. Mama yake alipomsaidia kufungua sanduku, chini ya madaftari ya hesabu zikaonekana brashi nne, makopo ya rangi na kitambaa kilichoviringishwa. Tulipokikunjua tukawaona wachuuzi wa samaki wa Feri na ndoo zao kichwani, alfajiri, bahari ikiwa nyuma yao. Fedha za kununulia vitu hivyo, alikiri mwenyewe, alizibana katika posho yake ya chakula.

Nikauliza swali ambalo wazazi wengi wangeuliza: "Na hii itakulipa nini?"

Akanijibu kwa adabu, "Hainilipi kitu, Baba. Lakini ndiyo kazi yangu pekee isiyongoja maksi za mtu."

Jibu hilo lilinichoma, maana swali lenyewe halikuwa langu. Nililirithi. Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, nilikuwa na mazoea ya kuchora vikatuni pembezoni mwa daftari. Siku moja mwenzangu wa bweni aliniuliza swali lile lile. Nikakosa jibu, nikaona haya, nikaacha. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nikimuuliza mwanangu.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilikumbuka habari za chuo kimoja ambacho wazee wetu wengi walipitia, nacho ni Makerere.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imepanda daraja, ikawa chuo cha elimu ya juu kwa vijana wa Afrika Mashariki yote. Vijana hao hawakwenda kucheza. Walitumwa na wazazi, na wengine na kijiji kizima, wakasomee kazi zenye mshahara na heshima: utabibu, ualimu, kilimo. Uchoraji haukuwa miongoni mwa masomo hayo.

Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, ambaye mumewe alikuwa daktari Kampala, alianza kuwakusanya wanafunzi barazani kwake wajifunze kuchora. Naam, barazani, pale ambapo sisi wa pwani tunanywea kahawa na kucheza bao. Wanafunzi walikuja baada ya masomo yao, kwa mapenzi yao wenyewe.

Namna yake ya kufundisha inanigusa sana mimi mtu wa redio. Hakuwawekea mbele picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia jambo kwa maneno, nao wakasikiliza, wakaliona katika fikra zao, kisha wakalichora kila mmoja kama alivyoliona. Hivyo ndivyo inavyofanya redio. Maneno ni yale yale, lakini kila msikilizaji anaona soko lake, mto wake na nyumba ya bibi yake.

Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1939, kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Hatimaye chuo kikayakubali mafunzo yale kuwa somo kamili, na shule ya sanaa ya Makerere ikaja kuitwa kwa jina la mama huyo.

Katika shule hiyo alipita Sam Ntiro, kijana wa Machame, Kilimanjaro. Ntiro hakuchora majumba ya Kampala wala ya London, ingawa baadaye alisoma huko pia. Alichora migomba ya kwao, watu wakilima pamoja, wakivuna pamoja. Mchoro wake mmoja wa mwaka 1956, unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ulinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mchoraji huyo ndiye aliyetuwakilisha London akiwa Balozi.

Alipita pia Gregory Maloba, Mkenya. Sanamu ya uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962, ile ya mama anayemwinua mtoto juu, ni kazi ya mikono yake. Na alipita Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, ambaye mwaka 1959 alichora maisha ya Yesu katika ukuta wa kanisa la Murang'a, Kenya, akamchora Yesu akiwa Mwafrika, katika nchi ya Kiafrika.

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila mwanafunzi mwenye brashi atakuwa Balozi. Nikisema hivyo nitakuwa nimerudi kwenye swali langu lile lile la malipo. Nina hakika wengi waliopitia baraza lile wakawa watu wa kazi za kawaida, na michoro yao ikaliwa na mchwa. Je, walipoteza muda wao? La hasha.

Darasani mwanafunzi hujibu maswali ya mtu mwingine, na mtu mwingine humwambia kama amepata au amekosa. Ni lazima iwe hivyo. Sitaki daktari aliyejisahihishia mtihani wake. Lakini kijana anayejua njia hiyo tu atatoka chuoni akingoja kuulizwa na kusahihishwa maisha yake yote. Anayechora, anayepiga gitaa, anayetunga mashairi au kushona nguo usiku baada ya masomo, hujifunza kujiuliza mwenyewe, kuiona kosa yake bila kuonyeshwa, kuichana karatasi na kuanza upya. Ntiro hakutumwa na mtu kuichora migomba. Aliamua mwenyewe kwamba migomba ya kwao inafaa kutazamwa.

Asubuhi nilimwita binti yangu. Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, fedha ya chakula ni ya chakula. Rangi nitanunua mimi, na hesabu zake zisishuke. La pili, nikamwomba radhi kwa swali langu.

Wachuuzi wa Feri sasa wako ukutani, sebuleni petu. Mgeni mmoja amekwisha kuuliza wanauzwa bei gani. Nimemjibu kwamba hawauzwi. Kisha, alipoondoka, nilitafuta penseli nikajaribu kumchora. Sikio lilitoka vibaya. Nimelifuta, na leo nitalirudia.

Hadi juma lijalo, kwaherini.