Viti 10 vya Rais: mgeni wa siasa apewe ubunge?

Mbezi Beach iko Jimbo la Kawe, Kinondoni. Mbunge wa hapa akifariki au kujiuzulu, hakuna wa kututeulia mwingine. Unaitishwa uchaguzi mdogo.

Mgeni wa siasa asiyepigiwa kura ana mlango wake. Ibara ya 66 ya Katiba inampa Rais nafasi za kuteua wabunge wasiozidi 10, angalau 5 wakiwa wanawake. Na kwa kuwa waziri lazima awe mbunge, nafasi hizo humsaidia Rais kupata wataalamu. Mwaka 2012 Profesa Sospeter Muhongo, mwanajiolojia, aliteuliwa akapewa Nishati na Madini. Mwaka 2015 Dk. Philip Mpango, mchumi, akakabidhiwa Fedha.

Utaalamu huo tunauhitaji. Shida yetu ni kwamba hakuna mpiga kura, awe Kawe au Kigoma, anayeweza kumwondoa mbunge wa namna hiyo. Muhongo baadaye alikwenda kuomba kura Musoma Vijijini, 2015. Mpango akapata ubunge wa Buhigwe, 2020. Hiyo ndiyo njia tunayoiunga mkono: ateuliwe, afanye kazi, kisha uchaguzi unaofuata aende jimboni. Katiba, hata hivyo, haimlazimishi.