Uliosha majani?

Leo siandiki juu ya bei ya kobalti, hiyo tunaiongelea kila siku. Ninaandika juu ya swali la maneno mawili lililonifungia mdomo nilipokuwa naandaa memwari yangu. Kumbe kabla yangu liliwasumbua wataalamu wakubwa miaka thelathini mizima.

Nilivuna lengalenga kwenye bustani moja iko karibu na rejeti, hapa Kolwezi. Nikakausha, nikasaga, nikapeleka labo. Namba ya kobalti ilipotoka nilifurahi sawa mchimbaji aliyegonga filoni. Profesa akasoma karatasi polepole, akaniuliza tu: "Uliosha majani?"

Sikuosha. Kazi ya miezi miwili ikarudi mwanzo.

Turudi nyuma kidogo. Katanga yetu ni nchi ya miombo, lakini juu ya vilima vya shaba miti haioti. Ukiwa mbali unaona kilima kitupu, nyasi na maua tu, katikati ya pori. Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji, alipita huku mwaka 1892 na kuandika habari za shaba hiyo, lakini wahenga wetu walikuwa wameiyeyusha karne nyingi kabla yake: misalaba ya shaba imechimbuliwa katika makaburi ya zamani ya Sanga, kule bonde la Upemba. Na pale walipoyeyushia, udongo ulibaki na shaba. Kuna mmea mmoja, Haumaniastrum katangense, ni wa jamaa ya rihani, unapenda udongo wa namna hiyo. Watafiti wa mambo ya kale wameufuata ili kupata mahali tanuru za wazee zilisimama. Mimi nikiuona kando ya barabara nasimama kidogo. Wenzangu ndani ya gari wananicheka.

Baada ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, vilima vilianza kuliwa kimoja kimoja. Paul Duvigneaud, mtaalamu wa mimea kutoka Brussels, alisoma maua ya vilima hivyo miaka ya 1950 na 1960. Kisha François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, akashirikiana na Robert Brooks wa New Zealand. Mwaka 1977 Brooks akatangaza kwamba ndugu wa mmea wetu, Haumaniastrum robertii, una kobalti zaidi ya miligramu 10,000 kwa kila kilo ya majani makavu. Asilimia moja ya jani ni kobalti! Dunia nzima ikaandika kwamba Katanga njo kwenye mimea inayorundika shaba na kobalti kupita yote. Hata sisi kwa oditwari tulifundishwa hivyo, na tulijivuna.

Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon na wenzake wakarudia jambo hilo. Safari hii majani yalioshwa sawasawa. Namba zikashuka sana. Sehemu kubwa ya shaba iliyohesabiwa zamani haikuwa ndani ya jani, ilikuwa vumbi la udongo limeganda juu yake. Mwaka 2010 ikaja kazi nyingine, ikiongozwa na mtafiti wa Lubumbashi, Chipeng: H. katangense iliyooteshwa katika maji yenye shaba ilikua vizuri, lakini shaba nyingi ilibakia kwenye mizizi. Ua letu la shaba halirundiki shaba. Linaizuia.

Njo namna mimea mingi inavumilia. Shaba kidogo ni chakula cha mmea, kwa hiyo mzizi una milango ya kuiingiza. Ikizidi inaunguza mizizi na kuzuia chuma, majani yanakuwa manjano. Mmea uliozoea unaifunga kwenye kuta za seli za mzizi, ao unaishika kwa asidi zake na kuificha ndani ya vakuoli, ile stoo ya seli. Haipandi juu. Kobalti ni mjanja zaidi, inapanda kwenye majani kwa urahisi kuliko shaba.

Sasa mboga yetu haikuzaliwa kwenye kilima cha shaba. Na udongo ukiwa umechafuka kiasi tu, haifi, inabaki kijani inapendeza sokoni. Hapo ndipo ninapoogopa. Utafiti uliotoka mwaka 2014, wa Cheyns na wenzake, ulionyesha kwamba kwa watu wazima wa maeneo ya migodi ya Katanga, kobalti inaingia mwilini hasa kwa chakula, mboga za hapa hapa zikiwa mbele. Kwa watoto, vumbi lina uzito mkubwa. Mwaka huohuo Kasulo watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao. Fikiria vumbi hilo linaangukia wapi.

Mara ya pili niliosha. Namba ilishuka, lakini haikuisha.

Nilienda kumwambia mama mwenye bustani. Nikamwambia aoshe majani kwa maji safi mara tatu, si maji ya mto unaopita kwenye rejeti. Akasikiliza, akapangusa mikono kwenye kikwembe.

"Mwana yangu, sawa, ya juu nitaosha. Na ile iko ndani, inatoka na maji gani?"

Haitoki na maji. Nikamweleza habari za chokaa na mbolea ya samadi: chokaa inapunguza asidi ya udongo, na metali inakuwa ngumu kuingia mzizini, samadi inaishika shaba hasa. Huko Penga Penga, Lubumbashi, Shutcha na wenzake walijaribu chokaa na mboji pamoja na nyasi tatu za kienyeji kwenye udongo uliochafuliwa na moshi wa kiwanda. Lakini hiyo ilikuwa nyasi ya kushika udongo usipeperuke, si mboga ya kula na bukari.

"Chokaa ni bei gani?" akauliza.

Nilimtajia. Akacheka, akarudia kumwagilia. Niliondoka na mfuko wa udongo wake. Bado uko chini ya kitanda changu, unangoja nipate feza ya labo.