Wa Mwisho Kuingia, wa Kwanza Kutoka

Sisi tulio walimu huhesabu watoto kila asubuhi, wala si kwa ajili ya daftari tu. Watoto wakipungua, madarasa huunganishwa. Madarasa yakiunganishwa, mwalimu mmoja hukosa kazi. Basi ni nani atakayeondoka? Swali hili liliwatenga walimu wa mji wa Jackson, katika jimbo la Michigan huko Marekani, na habari zake zatufaa sote, walimu na wazazi.

Katika mwaka 1957 walizaliwa Marekani watoto zaidi ya 4,300,000. Baadaye uzazi ukapungua. Mwaka 1971 shule za serikali zilikuwa na wanafunzi kama 46,000,000. Mwaka 1984 walikuwa kama 39,000,000 tu. Walimu wengi wakaachishwa kazi. Desturi iliyofuatwa sana ni kuhesabu miaka: aliyeingia mwisho hutoka kwanza. Desturi hii ina maana njema. Mkubwa hawezi kumfukuza asiyempenda na kumbakiza rafiki yake, wala kumwondoa mzee kwa kuwa mshahara wake umekuwa mkubwa.

Lakini tazameni mambo ya Jackson. Kabla ya mwaka 1953 shule za mji ule hazikuwa na mwalimu mweusi hata mmoja. Mwaka 1969 walimu wasio Wazungu hawakufika 4 katika 100, ingawa wanafunzi wasio Wazungu walizidi 15 katika 100. Walipoanza kuandikwa kwa wingi, wao ndio waliokuwa wageni. Na kwa hesabu ya miaka, wao ndio wangetoka kwanza. Mlango uliofunguliwa jana ungefungwa tena, wala pasionekane mtu aliyeufunga.

Kwa hiyo mwaka 1972 chama cha walimu, ambacho wengi wake walikuwa Wazungu, kilipatana na halmashauri ya shule: miaka itahesabiwa, ila walimu wasio Wazungu wasiondolewe kupita kadiri ya sehemu yao katika walimu wote. Mwaka 1974 halmashauri haikuyafuata mapatano, ikashtakiwa. Baadaye iliyafuata, Wazungu wengine wakaachishwa, na wenzao wenye miaka michache kuliko wao wakabaki.

Hapo Bibi Wendy Wygant na wenziwe wakashtaki. Tarehe 19 Mei 1986 Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa haki, majaji 5 kwa 4. Jaji Lewis Powell alisema kwamba mzigo wa mpango wa kuandika walimu wapya huenea kwa watu wengi, bali mzigo wa kuachishwa kazi humwangukia mtu mmoja mmoja. Jaji Thurgood Marshall, mtu mweusi wa kwanza kuketi katika mahakama ile, hakukubali: walimu wenyewe walipatana kugawana hasara, ili kazi njema iliyoanza isibomolewe.

Nasi twasemaje? Mwalimu wa miaka mingi aliyeachishwa hakuufunga mlango yeye. Wala aliyeandikwa jana hakupenda kuchelewa. Hesabu ya miaka ni mizani ya haki pale ambapo wote waliruhusiwa kuanza kuhesabu. Basi wanaoandika walimu leo na wajue kwamba wanaandika pia majina ya watakaoondoka, siku watoto watakapopungua.